Redio ya boti ukiwa nchi kavu: jibu kwa msomaji wa Kilindoni

Swali: "Shikamoo mzee. Nina boti mbili za kupeleka wageni kuona papa potwe hapa Kilindoni, Mafia. Shemeji yangu ameniletea kutoka Muscat redio mbili za baharini za mkononi, wati 5, zinaelea hata zikidondoka majini. Nataka moja ikae kwenye banda letu la ofisi hapa ufukweni, nyingine awe nayo nahodha. Msimu wa papa ukiisha, nawapa vijana wangu shambani, maana kule simu zinasumbua. Aliyeziuza alimwambia shemeji kwamba hazihitaji leseni kwa kuwa nguvu yake ni ndogo. Rafiki yangu naye anashauri tutumie chaneli 16 kwa sababu muda mwingi iko kimya. Sheria inasemaje? Na nikipata leseni, nitaruhusiwa kuzitumia nchi kavu?"

Marahaba, kijana wangu. Nikujibu kwanza, maelezo yafuate. Redio ya nahodha inakubalika, ukiikatia leseni ya kituo cha redio cha chombo. Ile ya bandani haikubaliki kwa leseni hiyo, inahitaji nyingine tofauti kabisa, ya kituo cha pwani. Za shambani hazikubaliki, na hakuna leseni ya baharini itakayokuruhusu kuongelea minazi. Chaneli 16 kwa maongezi ya kazi, usithubutu.

Wengi wanaoniuliza jambo hili huanza pale ulipoanzia wewe, kwenye kifaa: kina wati ngapi, kimenunuliwa wapi, kinazamaje au kinaeleaje. Sheria ya redio inaanzia kwingine. Inauliza: kituo hiki kiko wapi, na kinaongea na nani? Redio ileile, betri ileile, ikiwa mkononi mwa nahodha ndani ya boti iliyosajiliwa ni kituo cha chombo. Nahodha akishuka nayo, akapanda bodaboda hadi nyumbani na kumwita mwenzake aliyebaki majini, tayari ni kituo kingine ambacho hakina leseni. Leseni ya chombo imeandikwa jina la chombo. Haimfuati mtu mfukoni.

Msingi wa haya yote uko kwenye Kanuni za Redio za ITU, chombo cha Umoja wa Mataifa kinachosimamia mawasiliano. Ibara ya 18 ya kanuni hizo inasema kwamba mtu binafsi au kampuni haruhusiwi kuweka wala kuendesha kituo cha kurusha mawimbi bila leseni ya serikali ya nchi husika. Isome mara mbili, hutakuta humo wati 5 wala wati 25. Kwetu Tanzania mwenye mamlaka ya kutoa leseni hiyo ni TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Mawasiliano ni jambo la Muungano, kwa hiyo hata mwenye boti wa Nungwi au wa Mkoani kule Pemba anakwenda TCRA kwa ajili ya redio, ingawa chombo chenyewe amekisajili kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini ya Zanzibar. Wewe wa Mafia chombo chako kiko chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Ndugu zetu wa Lamu na Shimoni wanakwenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na mantiki ni hiyohiyo.

Sasa huyo muuzaji. Simwiti mwongo, maana maneno yake yana asili. Marekani, baada ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996, boti ndogo za starehe ziliondolewa sharti la leseni ya redio ya VHF, yaani redio za baharini za aina hiihii yako. Ni boti zenye urefu usiofika mita 20, ambazo hazilazimiki kisheria kubeba redio na haziendi bandari za nchi nyingine. Mtandaoni maelezo mengi ya redio hizi yameandikwa na Wamarekani kwa ajili ya Wamarekani. Mtu wa Muscat au Mombasa akisoma "hakuna leseni," anaibeba kama ilivyo. Boti yako inabeba wageni wanaolipa, tena iko Mafia. Na hata hukohuko Marekani ruhusa hiyo inaishia kwenye maji: ukitaka kuongea kutoka ufukweni unaomba leseni ya kituo cha pwani. Uingereza nako wanatoa leseni ya redio ya chombo bure mtandaoni, wakati huohuo wanamtaka mtumiaji awe na cheti, na anayeongea kutoka nchi kavu awe na leseni ya pwani. Vilabu vya mashua na maegesho ya boti wamevitengea chaneli zao mbili, M na M2, ili visisongamane na meli.

Hoja ya "nguvu ndogo" nataka niikalie kidogo, kwa sababu ndiyo inayowapoteza hata watu wenye akili zao timamu.

Redio za baharini za VHF zinafanya kazi kwenye masafa ya megahezi 156 hadi 162. Mawimbi ya huko husafiri karibu sawa na macho yanavyoona: yanafika upeo, yanapinda kidogo tu, basi. Kinachoamua umbali ni urefu wa antena kutoka usawa wa bahari, kisha ndiyo wati zinafuata. Hesabu tunayoitumia kazini ni rahisi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita hadi upeo wa redio. Fanya hivyo kwa kila upande, jumlisha. Nahodha wako aliyeshika redio karibu mita 2 juu ya maji ana upeo wa kilomita 5.8. Mwenzake wa boti nyingine naye hivyohivyo. Wawili wanapatana kwa kilomita kati ya 11 na 12 kwa hesabu ya daftarini, na kwa uhalisia wa mawimbi, mwili wa mtu unaokinga antena na betri iliyochoka, toa nusu.

Sasa ipandishe redio hiyohiyo ya wati 5 kwenye paa la jengo la Kariakoo, mita 30 kutoka chini. Upeo wake peke yake unakuwa zaidi ya kilomita 22. Meli iliyotia nanga nje ya bandari ya Dar es Salaam ina antena juu ya mlingoti, tuseme mita 25, upeo wake ni kama kilomita 20 na ushei. Jumla zaidi ya kilomita 40. Maana yake huyo aliye juu ya paa anasikika gatini, anasikika kwenye vivuko vya Magogoni, anasikika kwenye boti za Unguja zinapoingia na kutoka, na kwenye kila meli iliyoko nje ikisubiri rubani. Wati 5 hizo hazijaongezeka hata moja.

Halafu kuna tabia ya FM, aina ya urushaji ambayo redio hizi zinatumia. Vituo viwili vikirusha kwa pamoja kwenye chaneli moja, mpokeaji hapati sauti mbili zilizochanganyika kama watu wawili wanaoongea sebuleni. Anapata ile yenye nguvu zaidi pale alipo, na ile dhaifu inamezwa mzima mzima, hata haijulikani kama ilikuwepo. Mvuvi aliyepinduka upande wa pili wa mkondo, redio yake ikiwa inchi chache juu ya maji, ndiye mdhaifu. Kijana wako aliye juu ya tangi la maji akiuliza kama wageni wameshakula ndiye mwenye nguvu. Hakuna atakayejua kwamba mvuvi aliita.

Kibaya zaidi ni kitufe kilichonasa. Redio imetupwa ndani ya mkoba wa makoti ya kuokolea, kitufe cha kuongea kimekandamizwa na bakoli la chuma, na chaneli yote imefungwa. Anayesikiliza upande wa pili husikia mngurumo wa injini, maji yanapiga ubavuni, mtu anaimba kwa mbali, dakika baada ya dakika, na hawezi kumwambia mhusika chochote kwa sababu redio inayorusha haipokei. Nimeshawahi kukaa bandarini nikasikia fundi ujenzi akiagiza zege lipelekwe ghorofa ya juu, kwenye chaneli ambayo muda huo tishari lilikuwa likiitumia kupokea maelekezo ya kufunga kamba. Yule fundi hakuwa na nia mbaya. Alipewa redio ya upepo na mtu aliyepanga namba bila kuuliza, na kutoka pale juu hakuwa anasikia tishari kwa sababu hakuwa na muda wa kusikiliza.

Ndiyo maana ushauri wa rafiki yako wa chaneli 16 umenitia wasiwasi kuliko maswali yako yote. Chaneli 16, megahezi 156.800, ni ya dhiki, usalama na kuitana. Ukimya wake ni watu wanaosikiliza: meli zinazopita nje ya kisiwa kuelekea Mtwara na kusini, boti za Nyamisati, manahodha wenzako. Unaruhusiwa kuitumia kumwita mtu kwa kifupi, mkishapatana mnahamia chaneli ya kazi. "Boti fulani, boti fulani, hapa boti fulani, twende 72, ovaa." Sekunde kumi, mmeondoka. Chaneli za chombo kwa chombo ni 6, 8, 72 na 77. Angalia vizuri maneno hayo, chombo kwa chombo: banda lako la ofisi si chombo, kwa hiyo hata ukipata leseni ya pwani usitegemee kupewa 72. TCRA ndiyo itakayokupangia chaneli ya kituo chako. Usiguse pia 70. Hiyo ni ya ishara za dijitali tu, DSC, hairuhusiwi kuongelewa hata neno moja, na redio nyingi nzuri zinakuzuia zenyewe.

Kuhusu banda, sikukatishi tamaa. Kampuni ya utalii wa majini yenye boti kazini ina sababu ya haki kabisa ya kuomba kituo cha pwani: usalama wa abiria, taarifa za hali ya hewa, kujua boti iko wapi jua linapozama. Ukiomba, usiombee redio ya mkononi. Weka redio ya kufunga, ya wati 25, ikiwa na antena juu ya nguzo ya mita 10. Kwa hesabu ile niliyokupa, nguzo hiyo na mkono wa nahodha vinakupa kilomita kama 19, badala ya 11 za mkononi kwa mkononi. Kazi nyingi utaifanya kwa wati 1, na hilo ndilo linalotakiwa: tumia nguvu ndogo kabisa inayotosha, ile kubwa ibaki kwa siku mbaya. Pia redio ya kufunga haitembei. Haitaazimwa kwenda harusini.

Kuna upenyo mmoja ambao watu wa bandarini watakutajia, nao ni wa kweli: mabaharia huruhusiwa kutumia redio ndogo za chombo wakati wa kufunga na kufungua kamba, na kati ya meli na maboti yake ya kuokolea wakati wa mazoezi au uokoaji. Chaneli 15 na 17 zimewekewa kazi ya ndani ya chombo, kwa nguvu isiyozidi wati 1. Kwa hiyo ukimwona baharia amesimama gatini na redio akimwelekeza mwenzake wa melini avute kamba, hajavunja kitu. Upenyo huo unaishia kwenye kamba. Haufiki hadi dukani anapokwenda kununua sigara.

Shambani sasa. Hata tuweke sheria kando, umechagua kifaa kisichofaa. Redio ya baharini imejengewa chaneli zake kiwandani, huwezi kuihamishia masafa ya nchi kavu. Ndani ya minazi na mikorosho, chini chini, itakupa kilomita moja au mbili kwa shida. Mnachohitaji ni redio za upepo za nchi kavu zenye masafa mliyopangiwa. Zile wanazotumia walinzi, hoteli na kampuni za usafirishaji. Unaomba TCRA leseni ya mtandao binafsi wa redio, unapangiwa masafa, muuzaji mwenye leseni anazipanga redio kwa namba hizo. Ukiulizwa VHF au UHF, ambayo ni masafa ya juu zaidi ya VHF, kwa shamba lenye miti mingi chagua VHF ya nchi kavu, kwa sababu majani hula UHF zaidi. UHF ni nzuri kwenye majengo, inapenya milangoni na kwenye korido. Kama shamba ni kubwa, nguzo moja yenye ripita, mtambo unaopokea sauti na kuirusha upya, itakusaidia kuliko kununua redio za bei mbaya.

Njia nyingine ni hizi redio zinazotumia laini ya simu, unabonyeza kitufe kama redio ya upepo lakini sauti inapita kwenye mtandao wa simu. Ni nzuri sana mjini. Wewe umesema simu zinasumbua shambani, basi nazo zitasumbua. Na zile redio ndogo za rangirangi zinazoletwa na watalii kutoka Ulaya, za megahezi 446, huko kwao zinaruhusiwa bila leseni kwa sababu sheria yao imeziachia, kwa nguvu isiyozidi nusu wati. Ruhusa hiyo haisafiri ndani ya begi. Ulizia TCRA kabla hujaziwasha.

Nitaje pia kinyume chake, kwa maana najua kitakachofuata. Utaambiwa: "Mzee, kuna redio za Kichina za kupanga mwenyewe, zinashika masafa yote, weka namba za baharini humo, umemaliza nchi kavu na baharini kwa redio moja." Baofeng UV-5R na ndugu zake kweli zinarusha kuanzia megahezi 136 hadi 174, kwa hiyo masafa ya baharini yamo ndani. Ni redio maarufu kwa wapenzi wa redio za ridhaa, wanaorusha kwa kujifurahisha bila biashara, kwao ni chombo kizuri cha kujifunzia. Kwenye boti siitaki. Haikutengenezwa kwa maji ya chumvi. Haina kitufe cha kukurudisha chaneli 16 kwa mguso mmoja ukiwa umelowa na mikono inatetemeka. Ukikosea tarakimu moja ukipanga, unarusha kwenye masafa ya mtu mwingine kabisa bila kujua. Na leseni ya redio ya ridhaa, kama unayo au una rafiki mwenye nayo, inakuruhusu bendi zake tu, kama ile ya megahezi 144 hadi 146. Haikufungulii 156.

Turudi kwenye hizo mbili ulizonazo, kwa sababu nataka zikufae. Zishike, ziwashe bila kugusa kitufe cha kuongea, uangalie kioo. Redio nyingi za baharini zina mpangilio wa nchi: INT (wa kimataifa), USA (wa Marekani), na wakati mwingine CAN (wa Kanada). Huku kwetu ni INT. Watu wengi hawaliangalii hili, kisha wanashangaa. Chukua chaneli 22. Kwenye mpangilio wa Marekani ni chaneli ya upande mmoja, 157.100 kurusha na kupokea. Kwenye INT ni ya pande mbili: chombo kinarusha 157.100 na kusikiliza 161.700, ambako kituo cha pwani ndiko kinakorushia. Boti mbili zikikutana kwenye chaneli ya namna hiyo hazitasikiana hata zikigusana ubavu, kwa sababu zote mbili zinaongea upande mmoja na kusikiliza upande mwingine. Nimeona redio nzima zikirudishwa dukani kwa kosa hilo. Nahodha anasema "mbovu," fundi anabonyeza vitufe viwili, "imepona."

Angalia pia kama ina kitufe chekundu chini ya kifuniko kidogo, kimeandikwa DISTRESS. Kama kipo, redio yako ina DSC, na hapo uangalifu unaongezeka. Kitufe hicho ukikishikilia sekunde chache kinatuma ishara ya dhiki kwenye chaneli 70, ikiwa na namba ya utambulisho ya tarakimu tisa, MMSI, na mara nyingi mahali ulipo kwa setilaiti. Kisha inajirudia yenyewe kila baada ya dakika nne hivi mpaka ijibiwe. Ndani ya boti inayozama, hicho ndicho kitu bora ulicho nacho. Kwenye banda la ufukweni lenye watoto, ni balaa. Namba ya MMSI hutolewa pamoja na leseni, na za Tanzania zina 674 au 677 mwanzoni mwake, Kenya 634. Usiandike namba ya kubuni wala ya boti ya jirani, kwani waokoaji watamtafuta jirani. Redio nyingi zinakubali kuandikwa namba mara moja au mbili tu, baada ya hapo zinajifunga hadi zirudi kwa wakala. Ishara ikitoka kwa bahati mbaya, usijifiche: zima redio ili iache kurudia, iwashe tena, nenda chaneli 16 uwatangazie vyombo vyote jina la boti yako na kwamba unafuta ishara ya dhiki. Anayefuta kwa uwazi hawi na kesi kubwa. Anayenyamaza anawaacha watu wanahangaika baharini kumtafuta.

Nahodha naye awe amefundishwa. Kanuni za kimataifa zinadai anayeongoza kituo cha redio cha chombo awe na cheti cha uendeshaji, na Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, kinafundisha mawasiliano ya dhiki na usalama. Kwa boti yako ulizia kozi ya VHF ya masafa mafupi, usiingizwe kwenye ile ndefu ya maafisa wa meli kubwa. Ninachotaka kila nahodha akiweze akiwa amefumba macho ni wito wa dhiki: MAYDAY mara tatu, jina la chombo mara tatu, kisha MAYDAY na jina tena, uko wapi, kumetokea nini, unataka msaada gani, mko watu wangapi. Akiachia kitufe, asikilize. Wengi wanaendelea kubonyeza na kulia humo humo, majibu yanapita hawayasikii.

Na asijidanganye kwamba kuna mtu Dar es Salaam anamsikia kwa redio ya mkononi kutoka Mafia. Kituo cha uratibu wa utafutaji na uokoaji kipo Dar, na cha kanda kiko Mombasa, lakini kati yako na Dar kuna zaidi ya kilomita 100, na umeshaona hesabu ya upeo. Atakayesikia ni boti ya jirani na meli inayopita, na wao ndio watakaopeleka taarifa mbele. Hii ni sababu nyingine ya kuhakikisha kila boti ya Kilindoni iko kwenye 16 inapokuwa majini, badala ya kila kampuni kujificha kwenye chaneli yake.

Huenda pia unajiuliza kama kuna siku sheria inafumba jicho. Ipo. Kanuni hizo hizo za ITU zinasema hakuna kifungu kinachomzuia aliye katika dhiki, wala anayemsaidia, kutumia njia yoyote ya redio aliyonayo ili asikike. Ukiwa ufukweni ukaona boti inazama mbele yako na mkononi una redio ya baharini, bonyeza, ita. Hakuna ofisa mwenye akili atakayekuuliza leseni siku hiyo. Lakini usiifanye kuwa kichaka: "niliiweka bandani kwa ajili ya dharura" haielezi kwa nini jana yake uliitumia kuagiza chapati. Kurusha bila leseni ni kosa la jinai, lina faini na kifungo, na vifaa vinachukuliwa.

Kwa sasa fanya hivi. Zitoe betri hizo redio mpaka karatasi zitoke. Andika jina la kiwanda, namba ya modeli na namba ya kifaa, uulizie TCRA kama aina hiyo imeidhinishwa nchini, maana redio iliyoletwa na shemeji mkononi haijapita kwa muuzaji mwenye leseni. Kama haijaidhinishwa, ujue mapema, kabla hujalipia lolote. Chukua hati za boti zote mbili kutoka TASAC, na uombe leseni ya kituo cha chombo kwa kila moja. Ombi la kituo cha pwani lipeleke peke yake, na uambatanishe ramani ya mahali banda lilipo, urefu wa nguzo unayokusudia, na boti zitakazohudumiwa. Ukichanganya maombi haya mawili kwenye barua moja utazungushwa, na kwa kweli utakuwa umejitakia.

Hiyo redio ya pili uliyoipangia banda, ipeleke kwenye boti ya pili. Zikishapata leseni, zijaribiwe boti zikiwa majini, boti kwa boti, chaneli 72, wati 1, siyo kwa kuuliza "mnanisikia?" kwenye 16 kila asubuhi. Kila jioni zisuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kifuniko cha chaja kikiwa kimefungwa, kisha zikaushwe ndipo zichajiwe. Kuelea hakumaanishi haziozi: chumvi ikiingia kwenye miguu ya betri, miezi michache tu utakuta redio inawaka lakini ukibonyeza kuongea inazima.